Tuta la kuzama nyuma ya jiko: mwongozo kamili kwa kikundi cha wanawake kumi wa maeneo makavu

Bustani nyingi za jikoni Dodoma na Singida hufa kufikia Julai, na wenyewe si wavivu. Makosa ni yale yale kila mwaka. Tuta limeinuliwa kana kwamba liko Lushoto kwenye milima ya mvua, hivyo linakauka kabla ya saa nne asubuhi. Maji hayakupigiwa hesabu. Na bustani ya kikundi imewekwa mbali, kwenye eneo la kijiji, ambako kila mmoja anadhani mwenzake ameshamwagilia.

Hapa tunafuata njia moja tu. Kila mwanakikundi anakuwa na tuta lake la kuzama, yaani lenye uso ulio chini ya usawa wa ardhi, nyuma ya jiko lake, kazi nzito inafanywa kwa zamu nyumba kwa nyumba, na kitalu na mbegu ni vya wote. Jicho na ndoo viko nyumbani, kwa hiyo bustani nayo iwe nyumbani.

Anzeni wiki ya mwisho ya Aprili, mvua zinapokatika na ardhi ingali na unyevu. Mkisubiri Agosti, sururu itaruka kama mmepiga saruji.

## Vifaa

Vya kikundi:

- Sururu 2, majembe 4, mabeleshi 3, panga 2
- Debe moja la kupimia
- Kamba ya mkonge mita 12, vigingi 4, na fimbo ya mita 1 yenye alama kila sentimita 10
- Keni ya kumwagilia, au dumu lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari mwembamba
- Mbegu za sukuma wiki (pakiti ya gramu 10 inatosha na kubaki), mnavu, mchicha na kunde
- Daftari na kalamu

Vya kila nyumba:

- Samadi iliyooza, madebe 8
- Mabua ya mahindi au mtama, mizigo 3 ya kichwa
- Nyasi kavu za matandazo, mzigo 1
- Matawi ya miiba au mabua ya kuzungushia uzio wa mita 14
- Maji, dumu 1 la lita 20 kila siku

Mbegu za dukani zinunuliwe kwenye pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ambayo haijapita. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko sokoni ni bahati nasibu.

## Hesabu ya maji, kabla ya jembe

Kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga za majani inahitaji takriban lita 5 kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 4 lina mita za mraba 4, kwa hiyo linakunywa lita 20, yaani dumu moja.

Si lazima yote yawe maji safi ya kununua. Maji ya kuoshea mchele na mboga, ya kunawa mikono na ya kusuuzia vyombo yanaweza kufika nusu ya dumu. Yachujwe mafuta na mabaki, na yamwagwe ardhini, si juu ya majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo au magadi yasikaribie tuta.

Kama dumu moja kwa siku halipatikani, kateni tuta liwe mita 2. Msikate maji.

Kisima chenu kikiwa cha chumvi, mtaona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zikiungua. Hapo spinachi na mchicha huvumilia kuliko maharage na vitunguu. Mwagilieni maji mengi kwa mkupuo mmoja badala ya kunyunyiza kidogo kidogo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

## 1. Makubaliano ya kikundi

Watu kumi ni wengi wa kutosha kumaliza tuta asubuhi moja, na wachache wa kutosha kila mmoja kuonekana asipofika. Fanyeni nyumba mbili kwa wiki. Wiki tano, zamu imekwisha.

Kawaida zamu hupangwa kwa kura. Ushauri wetu ni tofauti kidogo: nyumba ya kwanza iwe ya mjane, mwenye mtoto mchanga au asiye na wa kumsaidia, na nyumba ya mwenyekiti iwe ya mwisho. Viongozi wakianza kwao, ari hupoa zamu ikifika nyumba ya sita.

Mambo manne yaandikwe kwenye daftari siku ya kwanza:

Chakula cha kazi ni uji au chai kavu, basi. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndilo linalovunja vikundi. Wa kwanza anapika uji, wa tatu anaongeza maandazi, wa tano anachinja kuku. Wa saba hana kitu, anaanza kusema anaumwa ili zamu yake iahirishwe. Zuieni hilo mapema.

Faini ni samadi, si fedha. Anayechelewa au kukosa bila taarifa analeta debe moja kwenye nyumba ya zamu. Fedha za faini huzua ugomvi wa nani anazishika. Samadi inaingia shimoni mbele ya macho ya wote.

Anayeumwa au kuuguza atume mtu. Mjamzito na bibi mzee hawashiki sururu. Wanakata mabua, wanaangalia watoto, na wanahesabiwa wamefanya kazi sawa na wengine.

Mwisho, mwenye tuta aongee na watu wa nyumbani kwake kabla ya zamu: mume, au mkwe kama anaishi kwa wakwe. Yasemwe wazi mambo matatu, yaani tuta litakaa wapi, dumu la maji litatoka wapi, na hela ya mboga itashikwa na nani. Tuta likishaanza kuuza ndipo maswali huja, na yakija wakati huo huja kwa ukali. Penye utata wa mpaka, aitwe mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie.

## 2. Kitalu cha pamoja

Kitalu kianze wiki ile ile ya kuchimba tuta la kwanza, kwa sababu miche ya sukuma wiki na mnavu huchukua wiki 4 hadi 5. Kikae kwa mwanakikundi aliye karibu zaidi na maji. Wengine wamletee maji kwa zamu.

Ukubwa ni mita 1 kwa 2. Msitumie mahali palipokuwa na nyanya msimu uliopita, maana minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi) na mnyauko hubaki ardhini. Lainisheni udongo, changanyeni madebe 2 ya samadi iliyooza na sawazisheni. Chora mistari kwa kijiti kila sentimita 15, kina cha sentimita 1.

Sieni mara mbili: nusu ya mbegu wiki ya kwanza kwa nyumba tano za mwanzo, nusu iliyobaki wiki ya tatu kwa nyumba tano za mwisho. Mkisia yote pamoja, miche ya nyumba ya kumi itazeeka kitaluni. Lengo ni miche 13 ya sukuma na 8 ya mnavu kwa kila nyumba, miche kumi na sita ikibaki hai inatosha, mingine ni ya kurudishia.

Funikeni kwa nyasi nyepesi. Siku mbegu zikichomoza, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 7, nyasi ziondoke jioni ile ile. Zikicheleweshwa hata siku mbili, miche hurefuka kama uzi na haisimami tena. Badala yake jengeni kichanja cha urefu wa mita 1 chenye kivuli chepesi, mkianza kukipunguza wiki ya tatu ili miche izoee jua.

Adui wa kitalu ni kinyausi: miche inalegea shinani, inalala, inakufa kwa mafungu. Chanzo ni kusia kwa msongamano na kumwagilia kupita kiasi, hasa jioni. Mkiiona, ng'oeni iliyolala, punguzeni msongamano, acheni udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, na mwagilieni asubuhi.

Mche ulio tayari una majani 4 au 5, shina nene kama kijiti cha kiberiti, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na mizizi inayoshika udongo ukiung'oa.

## 3. Mahali pa tuta

Nyuma ya jiko au karibu na bafu, hatua zisizozidi ishirini kutoka mahali maji machafu humwagwa. Jua la muda wa saa sita kwa siku linatosha. Kivuli cha mchana si kibaya kwa mboga za majani huku kwetu, ila kaeni angalau mita 5 kutoka kwenye mti mkubwa, maana mizizi yake itakunywa maji yenu yote. Choo cha shimo nacho kiwe mbali, na tuta liwe upande wa juu wa mteremko.

Anayeishi nyumba ya kupanga, au asiye na uhakika wa eneo, asichimbe. Atumie gunia la kilo 100: kopo lisilo na kitako lisimamishwe katikati, lijazwe kokoto, pembeni uwekwe udongo na samadi kwa uwiano wa 2 kwa 1, kisha kopo livutwe juu na kujazwa tena hadi mdomoni. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji chini. Akihama, anabeba mbegu na gunia.

## 4. Kuchimba

Pimeni mita 1 kwa 4 kwa kamba na vigingi. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Kama ardhi ina mteremko, urefu ukate mteremko, usiufuate.

Chimbeni kina cha sentimita 60. Sentimita 20 za kwanza ni udongo wa juu, uleule mweusi wenye rutuba. Uwekwe upande mmoja peke yake. Ule wa chini, mwekundu au mgumu, uwekwe upande mwingine. Ukichanganywa hapa, tuta limeharibika kabla halijaanza, na hakuna samadi itakayolirudisha upesi.

Kazi yenyewe ni kama mita za ujazo 2.4 za udongo. Mtu mmoja angetumia wiki. Watu kumi wakigawana (wawili sururu, watatu beleshi, wawili kukata mabua, wawili kusomba samadi na miiba, mmoja na watoto) humaliza kabla ya adhuhuri, wakibadilishana sururu kila baada ya robo saa.

## 5. Kujaza

Hii ndiyo siri ya tuta la kuzama: chini kuna sponji ya kushika maji, juu kuna rutuba, na uso wa tuta uko chini ya usawa wa ardhi ili upepo usiukaushe na maji yasikimbie.

Kutoka chini kwenda juu:

1. Mabua yaliyokatwa urefu wa kiganja, unene wa tabaka sentimita 15. Kanyageni, kisha mwageni madumu 2 ya maji. Mabua makavu yasiyoloweshwa ni karamu ya mchwa.
2. Samadi madebe 2, itandazwe sawasawa.
3. Majani mabichi na takataka za jikoni zinazooza, sentimita 10, pamoja na konzi chache za majivu.
4. Udongo wa juu wote uliochanganywa na samadi madebe 6, unene wa sentimita 25. Mwageni tena madumu 2.

Uso ubaki sentimita 10 chini ya ardhi. Utashuka zaidi wenyewe. Udongo wa chini mlioutenga ujenge ukingo wa kimo cha sentimita 15 kuzunguka tuta. Upande wa chini wa mteremko acheni tundu la kiganja, lizibwe kwa jiwe. Tundu hilo mtalihitaji mvua zikirudi.

Samadi mbichi huunguza mizizi. Ipimeni: ikiwa ina joto ndani au inachoma pua, irudi kwenye lundo. Ya ng'ombe na mbuzi inahitaji kama miezi mitatu kuoza. Ya kuku ni kali zaidi, tumieni nusu ya kipimo.

Msipande siku hiyo. Subirini angalau wiki mbili, mkimwagilia nusu dumu kila baada ya siku mbili. Kisha zamisha mkono hadi kwenye kifundo: pakiwa na ubaridi na unyevu, pako tayari. Pakiwa na joto kama uji uliopoa, ngojeni wiki moja zaidi.

## 6. Uzio kwanza, miche baadaye

Mbuzi mmoja humaliza tuta kwa dakika kumi, na kuku watatu hufukua mbegu zote kwa asubuhi moja. Zungusheni miiba au mabua kwa kimo cha mita 1.2, nusu mita kutoka ukingoni, mianya ya chini izibwe kabisa. Mlango mmoja, wenye kufungwa kwa kamba. Nyumba isiyo na uzio isipewe miche. Kikundi kikilegeza hapa kwa kuona haya, miche ya wote inapotea.

## 7. Kupanda

Pandeni jioni. Kitalu kimwagiliwe saa moja kabla ya kung'oa, na miche ibebwe ndani ya kitambaa chenye maji.

Mpangilio wa mita 4:

- Mita 2: sukuma wiki 10, mistari miwili, sentimita 50 kati ya mistari na 40 kati ya miche.
- Nusu ya mita ya tatu: mchicha wa leo. Changanya kijiko cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga, nyunyiza kidogo kwenye mistari ya sentimita 15. Bila mchanga mbegu humwagika kwa rundo.
- Nusu nyingine: mchicha wa baada ya wiki mbili. Ndivyo mboga haikatiki.
- Mita ya nne: mnavu 6, au "mita ya soko" itakayoelezwa hatua ya 10.

Kunde zipandwe kwenye ukingo wa nje, mbegu mbili kila sentimita 20. Majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4.

Fukia mche hadi pale ulipokuwa kitaluni, bonyeza udongo kwa vidole, mwagilia kikombe kimoja shinani. Kila mche uwekewe kivuli cha tawi lenye majani kwa siku 4. Kesho yake mchana utaonekana umekufa, usiung'oe. Siku ya tano majani ya katikati yakisimama wima asubuhi, umeshika.

## 8. Matandazo na kumwagilia

Miche ikishashika, tandazeni nyasi kavu unene wa vidole vitatu, mkiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina ili lisioze. Bila matandazo, dumu moja halitatosha.

Mwagilieni asubuhi kabla ya jua kuchomoza sawasawa, shinani. Kupima ni kazi ya kidole: kizamishe hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo mbichi ulionata, leo pumzika. Tuta lililojazwa vizuri, baada ya mwezi mmoja, huweza kuruka siku moja bila kunyauka.

Majani ya chini yakiwa njano mapema, mara nyingi mabua yanaoza yakila rutuba. Loweka debe moja la samadi ndani ya maji madebe matatu kwa wiki moja, zimua hadi rangi ya chai nyepesi, mwagilia shinani mara moja kwa wiki.

## 9. Wadudu

Geuza majani mara mbili kwa wiki. Mengi huanzia chini ya jani.

Wadudu mafuta hujikusanya kwenye majani machanga, na majani hujikunja. Wakiwa wachache, wapanguse kwa vidole. Wakizidi, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa, nyunyiza jioni chini ya majani. Jaribu kwenye majani mawili kwanza. Rudia baada ya siku 5. Uchungu hubaki, kwa hiyo ngojeni siku chache kabla ya kuchuma na mwoshe vizuri.

Mche uliokatwa shinani usiku kama kwa wembe ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha ardhini. Fukua sentimita 5 kuuzunguka asubuhi, utamkuta amejikunja.

Dawa ya pamba haiwekwi kwenye mboga za kula. Hata iwe imebaki kidogo tu kwenye chupa.

## 10. Kuchuma, kugawa, kuuza

Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuhamishwa. Chuma majani ya chini, acha matano ya juu, mara mbili kwa wiki. Mchicha uko tayari wiki 3 hadi 4. Ukikatwa vidole vinne juu ya ardhi huchipua tena. Mnavu ukikatwa kileleni hutanuka pembeni.

Mboga ya nyumba kwanza. Kisha fungu la kikundi: kukiwa na mzazi au msiba, kila mwanakikundi apeleke fungu moja. Mafungu kumi ni mboga ya msiba ya siku nzima, na aliyefiwa hakuombwa hata senti.

Kinachobaki kinauzwa. Tatizo ni kwamba wote kumi mkipeleka mchicha gulioni siku moja, bei inaanguka kwa mikono yenu wenyewe. Ndiyo maana ya mita ya soko: mita ya nne ya kila tuta iwe na zao tofauti. Wawili bamia, wawili nyanya chungu, wawili figiri, wanne mnavu. Bei ya fungu ikubaliwe kabla ya kutoka nyumbani. Kama mna VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), hisa inunuliwe siku ile ile ya gulio, fedha haijalala ndani.

Acheni mimea mitatu minene ya mchicha na miwili ya mnavu izae mbegu. Zikaushwe kivulini na kutunzwa kwenye chupa kavu yenye majivu. Anayekopa kijiko kimoja kwenye chupa ya kikundi anarudisha viwili. Sukuma wiki haitoi mbegu kirahisi kwenye joto letu, hivyo hiyo mtaendelea kununua.

## Mvua zikirudi

Wingu la kwanza la Novemba au Desemba likionekana, ondoeni jiwe kwenye lile tundu. Tuta la kuzama kwenye udongo wa mfinyanzi hugeuka bwawa kwa mvua moja kubwa, na sukuma huoza mizizi ndani ya siku tatu. Jazeni juu kwa udongo na samadi hadi uso upite ardhi kwa sentimita 10, mpande mlenda, kunde na mchicha. Aprili, mabua ya chini yatakuwa yameoza yote: fukueni sentimita 30 tu, jazeni mabua mapya, na zamu ya pili haitachukua hata nusu ya muda wa ile ya kwanza.